Mkataba wa vilipuzi vya plastiki unamlinda nani?

Desemba 21, 1988, bomu lililofichwa ndani ya redio kaseti liliiangusha ndege ya Pan Am juu ya Lockerbie, Scotland. Watu 270 walikufa. Kilipuzi kilikuwa cha plastiki, na ukaguzi haukukibaini. Machi 1, 1991, mataifa yalikubaliana mjini Montreal kwamba vilipuzi vya aina hiyo vichanganywe na kemikali ya kuvitambulisha kiwandani. Mkataba ulianza kutumika 1998.

Je, unakulinda wewe uliye Chovae au Kismayo, au unayepanga kurejea kutoka Dadaab? Kidogo tu. Mkataba huo unabana viwanda. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameeleza kuwa Al-Shabaab ilitumia baruti iliyotolewa katika makombora ya zamani, kisha ikaanza kujitengenezea vilipuzi. Huko hakuna kiwanda cha kuweka alama. Ndiyo maana Novemba 2019, kwa azimio 2498, Baraza la Usalama lilizuia kemikali na vifaa vya kutengenezea mabomu kupelekwa Somalia pale penye hatari ya kutumiwa vibaya.

Pengo linalobaki linakuhusu wewe. Mwenye mashua, usipakie mzigo usiojua kilichomo wala mwenyewe. Na ukikuta kombora, au kitu chenye waya usichokifahamu, ufukweni au shambani, usikiguse, usikichome, usikiuze kama chuma chakavu. Rudi kwa njia uliyojia, wazuie watoto, na umjulishe mzee wa kijiji au polisi.