Nguruwe ikigonjwa, usikimbilie soko

Homa ya nguruwe, ile pesti ya Afrika, ikiingia mu kambi, kitu cha kwanza ni bei ya nyama kushuka. Mwenye kuona nguruwe zake mbili zimelala na hazitaki kula anaita muchinjaji usiku, asubui nyama iko ku meza. Tunamuelewa. Mushahara ukichelewa, nguruwe ndiyo inalipa masomo ya watoto. Lakini lupango ya jirani itakufa juu ya zile franka.

Ugonjwa huu haugusi mutu, ndiyo maana watu wanauzarau. Kirusi chake kinabaki mu nyama, mu damu na mu mifupa, hata nyama ikikaushwa ao ikiwekwa mu frigo. Mununuzi anakula, masalio anapatia nguruwe yake, na kisha siku chache kifo kimehama. Kinatembea pia ku viatu, ku ndoo na ku magari. Nguruwe za pori zinakibeba bila kugonjwa.

Angalieni homa kali, masikio na tumbo kuwa nyekundu ao bluu, damu kutoka mu pua ao mu mavi, mimba kutoka. Zingine zinakufa gafula bila kuonyesha kitu. Kuna ugonjwa mwingine, ruje, nao unafanya ngozi kuwa nyekundu, lakini ule unapona na penisilini. Huu hauna dawa, na kwetu hauna chanjo. Anayepita mu mitaa na sindano ya kuuponyesha anawaibia.

Basi funga lupango, usiuze, usihamishe hata moja, ita munganga wa nyama. Zilizokufa zizikwe chini sana na chokaa, ndoo na viatu vioshwe na javeli. Masalio ya jikoni yachemke dakika 30.

Sasa, nani atasema ukweli? Anayesema anapoteza lupango nzima na halipwi kitu. Anayenyamaza anabaki na pesa kidogo. Sisi wa sendika tunajua hesabu hiyo: mu mugodi, pale anayeonyesha hatari anapoteza kazi, hakuna anayeionyesha. Serikali ilipe nguruwe zinazouawa juu ya kuzuia ugonjwa. Tukingojea, wafugaji wa kambi moja wanaweza kufanya kama likelemba: kila mutu atoe kidogo kila mwezi, na wa kwanza kusema apewe vitoto viwili vya nguruwe, lupango yake ikisha kuoshwa na kukaa wazi siku 40.