Dawa ya Damu kwa Mtoto: Mara Moja kwa Siku Yatosha

Msomaji, mtoto wako akipewa dawa ya kuongeza damu, tazama kibandiko cha chupa. Kikisema mara tatu kwa siku, muulize daktari kama mara moja haitoshi. Mimi naona yatosha.

Nchini Ghana watoto 557 wenye upungufu wa damu walipewa matone ya madini ya chuma kwa miezi miwili, baadhi mara moja kwa siku, wengine kipimo hichohicho kikigawanywa mara tatu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalikaribiana. Nao uchunguzi wa wanawake nchini Uswisi ulionyesha kwamba dozi ya chuma huamsha homoni iitwayo hepsidini, ambayo huzuia utumbo kufyonza dozi inayofuata upesi.

Kwa mama mfugaji wa Ijara jambo hili ni zito. Mwongozo wa zahanati nyingi humpa dawa ya siku 14, kisha arudi kuchukua nyingine, hivyo hivyo hadi miezi miwili. Mifugo ikifuata malisho mbali na Masalani, atarudi vipi? Apewe ya mwezi mzima, dozi moja kwa siku, na aelezwe kwa Kisomali. Naam, kuna hatari: mtoto akiinywa chupa nzima anaweza kufa. Basi aambiwe hilo pia, na chupa ifungiwe sandukuni.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 3 za chuma chenyewe kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 30. Asinyweshwe pamoja na chai ya maziwa, kwani chai na maziwa yote hupunguza chuma kinachoingia mwilini. Ngoja saa moja au mbili. Choo kikiwa cheusi, usishtuke.

Lakini kwanza apimwe, damu na malaria. Kule Pemba, watoto waliogawiwa chuma na asidi foliki kila siku bila kupimwa walilazwa na kufa zaidi, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa mwaka 2003. Waliokuwa na upungufu wa chuma hasa, na ambao malaria yao ilifuatiliwa na kutibiwa, walifaidika.

Kwa hiyo wewe unayenunua chupa Eastleigh na kuitia kwenye basi kwa ajili ya mpwa wako aliyepauka kule Ijara, tuma kwanza nauli afikishwe hospitali.