Kabla hujamnunulia mtoto kompyuta, uliza swali la tatu

Kahawa ikishauzwa na vyuo vikikaribia kufunguliwa, wazazi wengi wa Ngara na Biharamulo huanza kugawa fedha: ada, godoro, nauli na siku hizi kompyuta mpakato ya kijana anayeanza chuo. Kwa familia nyingi, hicho ndicho kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya nyumba.

Dukani mzazi huuliza bei. Kisha huuliza kama betri inakaa na chaji. Swali la tatu husahaulika: kompyuta hii inaendeshwa na mfumo gani, na mwenye mfumo ataendelea kuuhudumia hadi lini?

Mfumo endeshi ndio programu kuu inayoamsha kompyuta na kuziruhusu programu nyingine zifanye kazi. Kwenye kompyuta nyingi tunazozijua ni Windows ya Microsoft, na kwenye simu nyingi za kupangusa ni Android ya Google. Tumezizoea kiasi kwamba mzazi hudhani Windows ndiyo kompyuta yenyewe.

Mazoea hayo yana gharama. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika. Zinaandika na kuchapisha kama kawaida, ila hazipati tena marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kupata nyongeza ya muda inayoishia 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo haikubali kila mashine. Kwa zenye prosesa za Intel, kwa kawaida hutaka kuanzia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017.

Hapo ndipo mnunuzi wa kompyuta iliyotumika anapoumia. Mashine ni nzima, kioo hakina mkwaruzo, lakini mwenye mfumo ameshaamua kuwa imezeeka. Fundi atakuambia ununue nyingine au akupigie Windows ya kuchakachua, ambayo huwezi kujua imebeba nini ndani.

Wazee wa Kagera wanalijua neno butura: kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei anayoitaka mwenye fedha, kwa sababu shida imekubana na huna pengine pa kwenda. Mwenye njia moja hapangi bei. Kwenye teknolojia ni vivyo hivyo.

Serikali kubwa zimelipigania jambo hili. Mwaka 1998 Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa kutumia nguvu ya Windows kuwabana washindani. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 497. Mwaka 2018 ukaitoza Google zaidi ya euro bilioni 4 kwa masharti iliyowawekea watengenezaji wa simu za Android. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kampuni kutumia vibaya nguvu yake sokoni. Kuwa mkubwa si kosa. Kosa ni kuutumia ukubwa kuwafungia wengine mlango.

Lakini kesi huchukua miaka, na mtoto anafungua chuo mwezi ujao. Mzazi afanye nini?

Njia nyingine ipo. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, hutolewa bure, na baadhi ya matoleo yake hufanya kazi vizuri kwenye mashine za zamani. Ubuntu, mojawapo ya matoleo hayo, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo mradi uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Kijana anayesomea ualimu au sheria ataandika kazi zake kwa LibreOffice, ambayo ni bure na inafungua mafaili ya Word. Maombi ya mkopo wa HESLB na matokeo ya NECTA hufunguliwa kwenye kivinjari, mfumo wowote ule. Akienda kuchapisha steshenari, ahifadhi kazi kwa PDF ili mpangilio usivurugike.

Hata hivyo, Linux haimfai kila mtu. Anayesomea uchoraji wa majengo atahitaji programu kama AutoCAD, ambayo haina toleo la Linux. Uliza chuo kwanza.

Kwenye simu, chaguo ni finyu zaidi. Tulizipenda simu za bei nafuu za KaiOS, zenye vitufe na WhatsApp ndani. Katikati ya mwaka 2024 WhatsApp iliacha kupatikana kwa watumiaji wapya wa simu hizo. Simu ilibaki nzima, lakini mzazi aliyeinunua baada ya hapo hakuweza kuingia kwenye kundi la wazazi wa darasa. Ndivyo ukubwa unavyojilinda: tunakwenda waliko wengine, na wengine wanakuja tuliko sisi.

Basi ukifika dukani, iwe Ngara mjini, Rulenge, Biharamulo au Nyakanazi, uliza haya kabla ya kutoa fedha:

Mfumo gani umewekwa, na ni halali? Prosesa ni ya kizazi kipi? Inakubali Windows 11? Kama haikubali, fundi anaweza kuweka Linux na kumwonyesha kijana namna ya kuitumia?

Muuzaji akishindwa kujibu, usione haya kuondoka. Na kama jibu ni kwamba mashine haikubali Windows 11, bei nayo ishuke.

Mwende dukani pamoja na kijana. Ndiye atakayeitumia, naye ajifunze mapema kwamba mnunuzi ana haki ya kuuliza.