Picha ya upele kwa simu haitoshi kupima mpox

Katika Kivu, mgonjwa mwenye upele anaweza asianzie kwenye kituo cha afya. Mtu anapiga picha ya mkono wake, anaituma kwa daktari kupitia WhatsApp na kungojea jibu. Sababu zinaeleweka: barabara si salama, pesa ya pikipiki hakuna, na familia zilizokimbia vita zinaogopa kutengwa na kunyooshewa kidole kambini.

Lakini mpox haipimwe kwa picha. Upele wake unafanana na tetekuwanga, na mara nyingine na surua. Kinachothibitisha ni sampuli inayochukuliwa kwenye kidonda na kupelekwa maabara. Aina ya virusi iliyofanya OMS kutangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024 ilionekana kwanza Kamituga, Kivu ya Kusini, mwaka 2023. Inaambukiza kwa kugusana kwa karibu. Katika hema moja ambamo wazazi na watoto wanalala kwenye mkeka mmoja, mgonjwa aliyeandikiwa antibiotiki kwa simu na kubaki nyumbani anaweza kuambukiza wote, na hakuna anayejua kwamba wanapaswa kufuatiliwa.

Simu si adui. Daktari wa mbali anaweza kumweleza mama namna ya kumtenga mtoto, kutochanga shuka, kunawa mikono na kutambua dalili za hatari. Ubaya unaanza pale jibu la simu linapochukua nafasi ya kipimo. Kwa kipindupindu ni mbaya zaidi: mtu anaweza kufa katika saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Huyo hangojei ujumbe. Anapewa maji ya ORS na kukimbizwa kituoni.

Viongozi wa zone za afya wanapaswa kuweka namba ya bure, inayojibiwa na muuguzi anayejua mitaa na kambi, na anayeweza kumtuma mhamasishaji wa afya, RECO, hadi kwa mgonjwa. Bila hiyo, raia wataendelea kumtafuta yeyote anayejibu, hata kama si daktari.

Kwa sasa, mwenye homa na upele amwite RECO wa mtaa au bloku yake siku hiyo hiyo. Daktari wa simu naye, kila anapoona picha ya namna hiyo, amwambie mgonjwa wazi: nenda ukapimwe.