Si Uchache Wao Uliotusikitisha



Msimu mmoja wa kampeni, vijana wa chama kidogo cha upinzani walitujia hapa Bujonde baada ya Alasiri, wakiomba tuwatangazie mkutano wao wa hadhara. Tuliwakaribisha chai, kisha tukawauliza: mwenyekiti wa tawi lenu ni nani? Wakatazamana, wakamtaja mgombea wao wa urais.

Baadhi ya waliokuwepo waliucheka uchache wao. Hilo hatukuliafiki. Sisi Waislamu wa Kyela, tulio wachache katika wilaya yetu, twamchekaje mtu kwa uchache? Hata Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 haidai umati: wanachama 200 katika kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, miwili ikiwa ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Kilichotusikitisha ni lile jina walilolitaja.

Yafaa tuikumbuke NCCR-Mageuzi. Mwaka 1995 Augustino Mrema, aliyetoka CCM mwaka huohuo, aligombea urais kwa tiketi yake akapata takriban asilimia 28 ya kura, na chama kikashinda majimbo 16. Kisha ukaja ugomvi wa viongozi, wakafikishana mahakamani, na mwaka 1999 Mrema akahamia TLP na wafuasi wake. Uchaguzi wa 2000 uliiachia NCCR jimbo moja tu. Nayo TLP haikunufaika kwa muda mrefu: Mrema alipata chini ya asilimia 8 mwaka huo, na mwaka 2005 hakufikia hata asilimia moja. Mzee huyo alifariki Agosti 2022, na mwaka huohuo NCCR ilikuwa tena katika mzozo wa uongozi.

Hatumlaumu marehemu peke yake. Aghalabu wanachama ndio waliokubali kuwa abiria. Shura haianzi siku ya kupiga kura. Huanzia katika tawi, pale mkulima wa mpunga anapoweza kumhoji katibu wake juu ya fedha za chama. (Na misikiti yetu ijitazame pia: ni wangapi kati yetu wanaowajua wajumbe wa kamati zao?)

Oktoba 2025 vyama vidogo vingi vilisimamisha wagombea wa urais. Wale vijana wetu waliondoka wakiahidi kurudi na mwenyekiti wa tawi. Bado twawasubiri, na chai ipo.