Injini ya zamani sawa, lakini mtoto hakai kwenye injini (Sehemu ya 6)

Leo naongelea magari. Mtasema nesi kaacha chanjo kaingia gereji, ila subirini, tutafika.

Hapa Mpanda ukikaa na wapenda magari wimbo ni mmoja tu: gari ni la zamani. Na kwenye injini nakubaliana nao. Chukua Land Cruiser mkonga, zile Series 70 zilizoanza mwaka 1984. Injini yake ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990, ni ya dizeli, silinda 6, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya mafuta haisubiri kompyuta iiambie cha kufanya. Ikizima njiani kati ya Karema na Mpanda, fundi mwenye spana na akili yake ana pa kuanzia. Kama nyuma ya gari kuna mama mwenye uchungu na mvua inanyesha, hilo siyo jambo dogo.

Linganisha na zile D4 za petroli. Zinapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kwa hiyo zinataka mafuta safi na fundi mwenye mashine ya kupimia. Sasa wewe unaweka petroli ya kwenye chupa kijijini, halafu unashangaa gari linakohoa.

Ila hapa ndipo tunapoachana. Mashabiki wanasifia injini kana kwamba ndiyo gari zima. Injini inaweza kudumu miaka 30, lakini mikanda, matairi na bomba la moshi havidumu hivyo. Baba anaenda kununua Noah ya mkononi, anafungua boneti, anasikiliza mlio, anatabasamu, analipa. Siti ya nyuma anakokaa mtoto hakuna aliyeikagua.

Tuanze na moshi. Bomba likitoboka, gesi ya kaboni monoksidi inaweza kuingia ndani. Haina rangi wala harufu. Inazing'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kwa mjamzito inavuka kondo hadi kwa mtoto tumboni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Yaani ukizisikia unasema malaria! Kama mnaumwa vichwa wote mkiwa kwenye gari, na mkishuka mnapata nafuu, simamisheni gari, fungueni milango, nendeni hospitali mkaseme hivyo hivyo. Na ule mtindo wa kutembea mlango wa nyuma ukiwa wazi kwa sababu ya magunia ya mpunga, acheni. Moshi unavutwa ndani.

Pili, mkanda. Kumpakata mtoto siti ya mbele siyo ulinzi. Gari likigonga kwa spidi 50, hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika. Viti vingi vya watoto vinafungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari, kwa hiyo uzee wa gari siyo kisingizio, mradi mkanda uwepo na ukamate.

Sisemi mkanunue gari jipya. Bei tunazijua, na kwa barabara zetu injini rahisi ni akiba ya kweli. Ninachosema, kabla ya kulipa, mama nenda na wewe. Vuta kila mkanda kwa nguvu, ukiwemo wa katikati nyuma. Mwambie fundi aingie chini akague bomba la moshi lote. Angalia matairi yote, na la akiba pia. Hela ikipungua, punguza kwenye rimu na muziki, usipunguze kwenye hivyo.

Fundi akikwambia "injini nzima kabisa", mwitikie vizuri: asante kaka, sasa nionyeshe mikanda.

Sehemu ya 7 tutaongelea mjamzito na bodaboda. Andaeni maswali.