Mpaka haupimwi na mtu mmoja



Katika vijiji vyetu vingi eka hupimwa kwa miguu. Mtu huhesabu hatua 70 kwenda mbele. Hugeuka, huhesabu hatua 70 nyingine kwa upande. Kisha husema, "Hii ni eka moja." Watu hupeana mikono na fedha hutoka.

Lakini tujiulize. Hatua hizo ni za nani?

Chukua penseli tuhesabu pamoja. Mtu mrefu hupiga hatua ya sentimita 90. Hatua zake 70 ni mita 63. Shamba la mita 63 kwa mita 63 lina mita za mraba 3,969. Eka kamili ina mita za mraba 4,047. Basi mtu mrefu amekaribia sana.

Sasa tumwite mtu mfupi. Hatua yake ni sentimita 70. Hatua zake 70 ni mita 49. Shamba la mita 49 kwa mita 49 lina mita za mraba 2,401. Hiyo ni zaidi kidogo ya nusu eka.

Wote wawili wamehesabu sawasawa. Hakuna aliyeruka namba. Hata hivyo, mtu aliyekodi shamba lililopimwa kwa hatua za mtu mfupi amelipa bei ya eka nzima. Alichopata ni nusu eka na kidogo.

Mwezi huu tunazungumza juu ya kazi ya kupima ardhi, na hasa juu ya watu wanaoifanya. Shika jambo hili moja: kipimo cha mtu mmoja huwapunja wengine. Vivyo hivyo, mpaka ulioonyeshwa na watu wa aina moja tu huwapunja wengine. Wazee, vijana, wanawake na wanaume wote wana kazi ya kufanya siku ya kupima.

KAZI YA MPIMA ARDHI

Mpima ardhi hutafuta mambo mawili. Kwanza, mpaka uko wapi? Pili, eneo lililo ndani ya mpaka lina ukubwa gani? Akishapata majibu huchora ramani. Penye kona za mpaka huwekwa bikoni. Bikoni ni alama ya kudumu, kama nguzo fupi ya zege iliyofukiwa ardhini.

Zamani wapimaji walitumia mnyororo wa chuma na darubini nzito iliyosimama juu ya miguu mitatu. Wasaidizi walikata njia porini kwa mapanga ili mpimaji aone mbali. Walilala kwenye mahema kwa wiki nyingi. Kwa hiyo watu walisema kwamba hii ni kazi ya wanaume wenye nguvu.

Siku hizi mpimaji hutumia chombo kinachopokea mawimbi kutoka kwenye setelaiti. Setelaiti ni mitambo inayozunguka dunia huko juu angani. Chombo hicho hubebwa na mtu mmoja bila taabu. Kinachotakiwa sasa ni hesabu, uangalifu na uaminifu. Sifa hizo anaweza kuwa nazo mwanamume, na anaweza kuwa nazo mwanamke.

JINSI MASHAMBA YA KIJIJI YANAVYOPIMWA

Kwanza hupimwa mpaka wa kijiji chenyewe. Vijiji jirani hukubaliana, wapima ardhi huweka alama, na kijiji hupewa Cheti cha Ardhi ya Kijiji.

Pili, wanakijiji hupanga matumizi ya ardhi yao. Huamua wapi ni mashamba, wapi ni malisho, wapi ni msitu na wapi ni makazi. Mpango huo hupelekwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Tatu, wanakijiji huchagua kamati ya uhakiki. Kuhakiki ni kuhakikisha kwamba jambo ni la kweli. Kamati hupita shamba kwa shamba pamoja na mwenye shamba na majirani zake. Huuliza, hutazama, huandika.

Nne, majina na michoro huwekwa hadharani. Kila mtu aone, na mwenye pingamizi aseme.

Mwisho hutolewa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Hati hiyo ina nguvu ya sheria.

Umeona, ndugu msomaji? Chombo cha kupimia hufanya sehemu tu ya kazi. Sehemu kubwa ni watu kuambizana ukweli. Sasa tutazame kila kundi lina ukweli gani.

WAZEE WANAJUA MPAKA ULIKOTOKA

Mipaka yetu mingi haikuandikwa. Imo vichwani mwa wazee. Mzee anajua mstari wa minyaa ulipandwa na nani na kwa nini. Huko Kilimanjaro anajua masale yaliyopandwa kuonyesha mwisho wa kihamba. Kwingine anajua kichuguu, mfereji mkavu au jiwe lililofunikwa na majani.

Kumbuka pia Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976. Mamilioni ya watu walihamia katika vijiji vipya. Waliacha mashamba ya zamani na kugawiwa mapya. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1974 alitimiza miaka 80 mwaka 2024. Wengi wa waliosimama pale siku ya kugawa wamekwisha kufariki. Kila mzee akizikwa, mipaka kadhaa huzikwa pamoja naye.

Kwa hiyo usingoje. Muulize babu na bibi yako leo.

WANAWAKE WANAJUA ARDHI INAVYOTUMIKA

Katika nyumba nyingi ni mama anayelima, anayepalilia na anayechota maji. Anajua njia ya kisimani inapita wapi. Anajua maji ya mvua hufurika hadi wapi. Anajua shamba lipi ni la kuazima na lipi ni la kurithi. Mkichora ramani bila yeye, mnaweza kuifuta njia ya kisimani na kuifanya shamba la mtu.

Tena liko jambo zito zaidi. Tuchukue mfano. Mume amefariki. Mjane wake analima shamba walilolima pamoja kwa miaka 20. Siku kamati inapita, mjane yuko kisimani. Hakuambiwa. Shemeji yake anasimama mpakani na kutaja jina lake mwenyewe. Kijana mwenye simu anaandika alichoambiwa.

Simu haikukosea hata kidogo. Mpaka umechorwa sawasawa. Lakini mjane amenyang'anywa shamba kwenye karatasi, na watoto wake pamoja naye.

Nani angezuia jambo hilo? Mzee jirani angesema, "Hapo palikuwa pa marehemu." Mama mjumbe wa kamati angeuliza, "Mwenye kulima hapa yuko wapi?" Kijana angekataa kuandika kabla ya kumsikia. Na mjane mwenyewe angesema, kama angeitwa.

VIJANA WANAJUA CHOMBO KIPYA

Kati ya 2014 na 2016, vijana katika vijiji kadhaa vya Wilaya ya Iringa walifundishwa kuchora mipaka ya mashamba kwa kutumia simu. Kimojawapo ni kijiji cha Ilalasimba. Vijana hao hawakutoka mbali. Walikuwa wanakijiji wa palepale. Walizunguka mashamba pamoja na wenye mashamba na majirani, na mipaka ikaonekana kwenye ramani papo hapo. Baadaye kazi kama hiyo ilienea katika vijiji vingine.

Dar es Salaam nako, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu walishirikiana na wakazi kuchora ramani za mitaa inayofurika maji. Mwanafunzi alijua chombo. Mkazi alijua mfereji unaoziba. Ramani ilihitaji wote wawili.

Lakini kijana naye aonywe. Simu peke yake inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na chini ya miti mingi hukosea zaidi. Ukikosea mita 3 kwenye mpaka wenye urefu wa mita 100, umehamisha mita za mraba 300. Hapo pana magunia ya mahindi ya mtu.

Tena simu haina habari za mababu. Inajua tu mahali uliposimama. Ukisimama pasipo mpaka, itaandika vizuri kabisa mahali pasipo mpaka. Ndiyo maana kijana ashike simu na mzee amwonyeshe pa kusimama.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni ya mwaka 1999, na ilianza kutumika mwaka 2001. Inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Inasema pia kwamba mila inayomnyima ardhi mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haina nguvu.

Sheria hiyo imeweka idadi. Kamati ya uhakiki ya kijiji iwe na watu wasiopungua 9. Kati yao wanawake wasipungue 4. Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha magomvi, lina watu 7. Kati yao 3 ni wanawake.

Lakini idadi peke yake haitoshi. Wanawake 4 wanaokaa nyuma na kunyamaza ni sawa na viti vinne vitupu. Waitwe kwa saa wanayoweza kufika. Waulizwe. Maneno yao yaandikwe. Na mnapochagua wajumbe, angalieni pia umri. Kamati ya wazee watupu itaogopa chombo. Kamati ya vijana watupu itaonyeshwa mpaka wa uongo na kuuamini.

Msiwasahau wafugaji. Wao wanajua njia za mifugo na mahali pa kunywesha. Mkichora mashamba juu ya njia hizo, mnachora ugomvi wa mwaka kesho.

MTOTO WAKO ANAWEZA KUWA MPIMA ARDHI

Wapima ardhi wenye vyeti nao walikuwa watoto wa shule kama wako. Mwaka 1956 ilianzishwa shule ndogo ya kufundisha wapimaji huko Dar es Salaam. Mwaka 1972 iliitwa Chuo cha Ardhi. Mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu Ardhi. Viko pia vyuo vya ardhi Tabora na Morogoro, ambako kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo yanayotakiwa anaweza kusomea cheti.

Masomo yanayomfikisha huko ni hisabati, jiografia na fizikia. Binti akikuambia anapenda hesabu, usimwambie kwamba hesabu ni za wavulana. Usimtume kisimani kila jioni huku kaka yake akisoma. Wagawie kazi za nyumbani sawa, wote wapate saa ya kusoma.

Kwa nini ni muhimu wapimaji wawe wa aina mbalimbali? Kwa sababu mjane humweleza mama mwenzake mambo asiyoweza kuyasema mbele ya kundi la wanaume. Kwa sababu mpimaji anayejua maisha ya wafugaji huuliza habari za njia za ng'ombe. Na kwa sababu mpimaji aliyezeeka kazini ameona mbinu nyingi za wanyang'anyi wa ardhi. Kijana anayefuatana naye hujifunza mbinu hizo kabla hajadanganywa.

YAFANYENI HAYA

1. Kabla ya siku ya kupima, wazee wa kitongoji wazungushwe kwenye mipaka. Vijana wafuatane nao na kuandika daftarini.

2. Tangazo la siku ya kupima lifike kila nyumba. Wajane na wagonjwa wapelekewe habari mlangoni.

3. Mkutano Mkuu uchague kamati yenye wanawake na wanaume, wazee na vijana.

4. Mume na mke wanaolima pamoja wajadili kuandikwa wote wawili kwenye hati.

5. Mtu asiyeweza kutembea hadi shambani achague mtu anayemwamini asimame badala yake, na kamati iambiwe.

6. Majina yakibandikwa, nenda ukasome.

Hilo la sita ni lako hasa, ndugu msomaji. Zamani ungesimama mbele ya karatasi ile na kumwomba mtu akusomee. Naye angekusomea anachotaka. Sasa unajua kusoma. Tafuta jina lako. Tazama jina la jirani kila upande. Tazama ukubwa wa shamba. Kisha rudi nyumbani, umwite jirani asiyejua kusoma, nenda naye ukamsomee la kwake.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mpaka nao haupimwi na mtu mmoja.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Pimeni hatua 10 za kila mwanafunzi kwa kamba au futi. Hatua za nani ni ndefu? Eka yake ya hatua 70 kwa 70 itakuwa na mita za mraba ngapi?

2. Katika kitongoji chenu ni nani anayejua mipaka ya zamani? Nani amekwisha kuandika anayoyajua?

3. Kamati zinazohusu ardhi kijijini kwenu zina wanawake wangapi? Zina vijana wangapi? Je, wanasikilizwa?